Barua na soksi moja

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu wa moyoni,

Salamu nyingi, pamoja na za mama, za watoto, na za yule paka ambaye habari zake utazikuta mbele. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatumaliza. Hofu ni kwako wewe huko Lushoto, uliyeniambia kwenye simu kwamba asubuhi unaingia darasani mikono umeificha kwapani.

Ukikifungua kifurushi hiki utakuta shali moja na soksi moja. Usiitafute ya pili, na tafadhali usimgombeze kondakta, hajaiba mtu. Ya pili haijafumwa. Sababu zipo, na nyingine zinanitia aibu, kwa hiyo acha nianze na shali ambalo naweza kujivunia.

Uzi wake umetoka mitumbani. Madukani hapa mjini uzi wa kufumia upo, lakini ni ule wa plastiki, mzuri kwa vitambaa vya makochi. Shali la matundu linataka sufu. Kwa hiyo nikitoka Mgandini na nazi zangu napitia kwenye mitumba, nayachambua masweta ambayo Tanga nzima hakuna anayeyataka. Muuzaji keshanizoea, akiniona tu anasema, "Mama wa baridi huyo." Silinunui sweta mpaka nimelipindua nitazame mishono. Kama pande zimekatwa kwa mkasi zikapigwa ovaloku naliachia hapo hapo, maana ukilifumua unapata vipande vya uzi vyenye urefu wa mstari mmoja mmoja, wala havina kazi. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha pande zikaungwa kwa uzi, hapo una hazina. Halafu nachomoa kiuzi, naomba kiberiti. Sufu ikiungua hunuka nywele na kubaki majivu yanayopondeka kwa kidole. Plastiki huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Hilo lako lilikuwa sweta la kijivu la mwanamume mnene, Mungu amzidishie, maana uzi umetosha na umebaki.

Kulifumua ilikuwa jioni nzima, mtoto wa pili anavuta, mimi nazungusha kwenye migongo ya viti viwili. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye mabutu. Nikaufunga mashada, nikauosha, nikautundika uani na chupa ya maji ikining'inia chini. Asubuhi umenyooka. Jirani akachungulia juu ya ua akauliza kama nimeanza biashara ya tambi.

Sasa matundu. Unakumbuka sista alivyokuwa akitufundisha: tundu halitobolewi, linafumwa. Unauzungusha uzi kwenye sindano mara moja bila kufuma kitu, umezaa kitanzi kipya na chini yake pamebaki uwazi. Lakini ukizaa lazima uzike, kwa hiyo mahali pengine kwenye mstari huo huo unafuma vitanzi viwili kwa pamoja, viwe kimoja. Na hivyo viwili vinalala upande, kulia au kushoto, kutegemea umeviingilia vipi. Ua lote, jani lote, ni hilo tu: tundu hapa, mlalo pale. Wewe ulikuwa unaelewa kabla yangu, tena unafuma huku unaongea. Mimi mpaka leo nikiulizwa hata saa nafumba macho kwanza nisipoteze hesabu.

Mama alikuwa akiniona siku zote ananyamaza. Unamjua, ameshona kofia miaka na miaka, macho yamechoka lakini vidole bado. Siku moja akachukua kile kipande akakiinua juani. Nikajua sasa nitasikia, kwa sababu shali la matundu likiwa bado kwenye sindano halina sura. Limejikunyata, unaweza kupigia deki. Akatazama, akasema, "Kuna tundu la kukusudia na tundu la panya. Haya umeyakusudia, isipokuwa hili." Akaweka kidole. Na kweli bwana, lile moja halikuwa langu! Mtu aliyezungushia uzi vitundu vya kofia maisha yake yote humdanganyi kwa kitundu.

Hapo ndipo nilipolia. Shali hili la pembetatu linaanzia shingoni kwa vitanzi 7, na kila mistari miwili linaongezeka vitanzi 4. Mwanzoni unaruka tu, mstari hujaukaa umekwisha. Ukifika mbali, mstari mmoja unakula nusu saa. Mimi nilikuwa nimemaliza mstari wa 118, vitanzi vinatakiwa 243, nahesabu 242. Nikahesabu tena nikapata 244, hiyo ilikuwa hasira. Mara ya tatu 242. Kitanzi kimoja nilikisahau kwenye mstari wa 105, usiku ule umeme ulipokatika nikajifanya mjuzi wa kufumia tochi ya simu. Maua yalikuwa yanapinda tangu pale. Niliyaona, nikajiambia ni mwanga.

Mistari 14, shoga yangu, kila mmoja una vitanzi zaidi ya 200, na nikaifumua yote. Ingekuwa soksi ningesema Lushoto hakuna atakayeangalia, lakini kwenye matundu kosa halikai mahali pake, linatembea. Na kufumua matundu si kama kufumua sweta. Ukichomoa sindano vile vitanzi vilivyozungushwa havina mizizi, vinatoweka, hujui kilikuwa kipi. Ndiyo maana sista alitupigia kelele tupitishe uzi wa kushonea ndani ya vitanzi vyote kila baada ya mistari kadhaa, ukiharibu unafumua mpaka pale, uzi unavishika. Sikupitisha. Nilikuwa na haraka ya nini sijui. Nilirudi kitanzi kimoja kimoja, siku tatu, na siku hizo wa nyumbani walikula wali na maharage bila kuuliza swali.

Baada ya hapo nikapitisha uzi mwekundu kila mistari 10. Utaona labda kiuzi chekundu kimesalia mahali karibu na pembe ya kushoto. Kichomoe, au kiache.

Lakini raha yake, nikwambie raha yake. Nilipofika vitanzi 347 nikafunga ukingo, nikalilowesha shali kwenye beseni nusu saa, nikalikamua kwa kulikunjia ndani ya taulo. Likatoka limelegea kama mlenda. La mwaka juzi nililivuta juu ya mkeka kwa pini, na pini zile, pamoja na upepo wetu huu wa chumvi, ziliacha madoa ya kutu pembeni kote, nikalia. Safari hii nikakumbuka kitanda cha kamba cha marehemu babu. Kamba zilishakatika, imebaki mifumbati na matendegu. Mjomba akanipa mshipi wa kuvulia, nikaupitisha kwenye ncha zote za ukingo, nikaufunga kwenye mifumbati nikivuta taratibu, upande huu, upande ule. Shoga, maua yalifunguka mbele ya macho yangu! Matundu yakawa matundu, majani yakawa majani, kitu kikawa karibu mara mbili ya kilivyokuwa. Baadaye nikajua kwamba hata huko Orenburg, Urusi, wanakofuma shali za manyoya laini ya mbuzi, wanazitandaza kwenye fremu za mbao vivyo hivyo. Mimi na marehemu babu hatukujua.

Ndipo paka alipoona machela. Aliruka akajilaza katikati, na mimi nimebeba sufuria ya mchuzi. Sikupiga kelele kwa kuogopa atatoa kucha. Nikakaa chini, nikamwita kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumwitia baba watoto, nikamwonyesha kichwa cha kibua. Akashuka. Ukiona unyoya wa rangi ya chungwa, ndiye.

Wanasema kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, zipo shali nyembamba kiasi kwamba nzima inapita ndani ya pete ya ndoa. Nikavua yangu nikajaribu. Imepita pembe tu, mpaka kiganja hivi, ikagoma. Yule bwana mnene sweta lake lilikuwa la kuvaliwa, halikuwa la maringo. Lakini litakupa joto. Usiyadharau matundu, hewa inayokaa humo ukijifunika mara mbili ndiyo blanketi lenyewe.

Haya, soksi.

Sindano za soksi hapa sikuzipata, kwa hiyo fundi baiskeli wa mtaani alinikatia spoki tano, akazichonga ncha, mimi nikazisugua kwa msasa mpaka zikateleza. Vitanzi 64, 16 kwenye kila spoki, ya tano ndiyo inayotembea. Wateja wake wakawa wanakuja kuangalia. Mmoja akauliza soksi za sufu Tanga zinavaliwa na nani, maiti? Nikamjibu zinavaliwa na mwalimu.

Kwenye kiungo kati ya spoki na spoki panatokea ngazi, vitanzi vimelegea vimepanda juu kama vidato, nawe huvioni mpaka uviweke kwenye mwanga. Dawa yake ni kukivuta kitanzi cha pili kikaze, maana cha kwanza ukikivuta kinalegea tena. Na jasho! Mchana vidole vinanata kwenye chuma, vitanzi havisogei. Napaka poda ya mtoto. Kazi ya kweli inafanyika usiku, baada ya saa nne, nimekaa barazani.

Kisigino lakini nakisamehe kila kitu. Nusu ya vitanzi, 32, unavifuma kwenda na kurudi mpaka mistari 32, umepata kibao. Halafu unafuma kupita katikati kidogo, unakutanisha viwili, unageuka kabla ya mwisho. Unarudi, unakutanisha, unageuka. Unajiona kabisa unaharibu, na ghafla mkononi una kikombe. Kila mara nacheka peke yangu. Hapo nimeuchanganya uzi wa sufu na wa nailoni wa kushonea, kwa sababu najua unavyokanyaga.

Vidoleni tunamaliza kwa sindano ya kushonea, vitanzi vya juu na vya chini vinaungwa bila mshono kuonekana. Nimetunga wimbo: uso toa, mgongo acha, mgongo toa, uso acha. Mtu akikusemesha katikati umekwisha. Mshono huo Waingereza wanauita kwa jina la Kitchener, yule lodi aliyekuwa waziri wao wa vita mwaka 1914. Nilimsimulia mama, akasema, si ndio wale walioshuka hapa Tanga Novemba ile, wakapigwa na Wajerumani na nyuki? Ndio hao. Mama akauliza walikuwa wamevaa soksi.

Sasa aibu yangu. Niliifuma hii moja nikiwa na hamu, na sikuandika popote nilifuma mistari mingapi kutoka kisigino hadi vidole. Nilipoanza ya pili nikajikuta sina hamu wala hesabu, na mguu wako ninaoukumbuka ni wa bwenini, tulipokuwa tukibadilishana malapa. Tangu hapo umezaa mara tatu. Nikasema nisifume ya kubahatisha, nikutumie hii uipime.

Kwa hiyo nakuomba. Ivae usiku, mguu ukiwa umechoka, asubuhi mguu husema uongo. Angalia kama mbele ya kidole gumba panabaki nafasi, na kama inakubana juu ya unyayo. Kisha simama juu ya karatasi ya daftari, umwambie mwanafunzi wako mmoja akuchoree mguu kwa penseli, kalamu ikiwa wima, asiingize uvunguni. Wa kulia na wa kushoto. Kama umeichafua ioshe kwa maji baridi tu; maji ya moto yatairudisha kwa mtoto mchanga. Halafu mpe kondakta yule yule, anashuka nayo Mombo hadi huku, soksi na karatasi pamoja. Bila soksi siwezi kufuma pacha wake.

Na ukipata yale maplamu ya Soni, mwekee na mama kidogo.

Ni mimi shoga yako,
mama wa baridi