Mota umenunua mwenyewe, mbona ufundi ni elfu tisa?

Swali hili twaulizwa kila mara, na juzi lilikuja kwa ukali. Bwana mmoja wa Mtwapa alituletea baiskeli yake ya kulalia, ile ambayo mtu huegemea kiti na kunyoosha miguu mbele. Alikuja pia na mota ya habu, yaani mota ya umeme inayokaa katikati ya gurudumu, aliyoagiza mtandaoni, imeshasukwa ndani ya ringi. Kusikia bei ya ufundi akahamaki. "Fundi, gurudumu hili hapa, nati hizi hapa, wewe wakaza tu. Elfu tisa ya nini? Wanionea kwa kuwa baiskeli yangu si ya kawaida." Akaibeba akaenda zake, na jioni yake tukasoma kwenye simu kwamba sisi ni wezi. Haya, hesabu ya hiyo elfu tisa ni hii.

Habu ya kawaida, shafti yake, ule mhimili wa katikati, haina kazi ila kubeba uzito. Hata nati zikilegea kidogo utafika nyumbani. Mota ya habu si hivyo. Nguvu inayosukuma gurudumu kwenda mbele hurudi kwenye shafti na kutaka kuizungusha kinyume. Mtu akisukuma ngalawa kwa upondo, ngalawa huenda kwa sababu upondo umeshika chini. Upondo ukiteleza, yeye ndiye huanguka majini. Shafti ndiyo upondo wenyewe. Kinachoizuia isigeuke ni pande mbili zilizochongwa bapa, milimita 10 kutoka upande hadi upande, zinazokaa ndani ya mdomo wa foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Mota yenye msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa nyutoni-mita 40, wala si mota kubwa hiyo, hukandamiza kona za bapa hizo kwa nguvu ya kilo 300 na zaidi. Foku ya chuma yaweza kuvumilia kwa muda. Ya alumini hupanuka mdomo kidogo kidogo, huoni wala husikii kitu, mpaka siku inapasuka.

Tena waya za mota hutoka nje kupitia tundu la shafti hiyo hiyo. Shafti ikizunguka huzinyonga. Zile tatu nene zikichubuka na kugusana, kontrola, kile kisanduku kinachoigawia mota umeme, huungua, na mota isiyo na gia za ndani hukaza kama umeshika breki.

Tumeletewa baiskeli moja iliyopatwa na hayo, kutoka Likoni. Mwenyewe alikuwa ameshuka feri wakati maji yametoka, na anayevuka pale anajua kile kipando cha kutokea kilivyo. Juu ya baiskeli ya kulalia huwezi kusimama ukakandamiza pedali kwa uzito wa mwili. Una miguu na mota, basi. Akafungulia mota yote akiwa amesimama tuli, na hapo ndipo msokoto huwa mkubwa kabisa. Mota ilikuwa mbele, foku ya alumini, nati zimekazwa na kijana wa pancha. Shafti ikageuka, gurudumu likachomoka. Alhamdulillahi alikuwa mwendo wa kutambaa, akachubuka kiwiko tu. Lakini foku mpya, kontrola mpya, mota kufunguliwa na kupitishwa waya upya, vyote vilimla zaidi ya mara tatu ya bei aliyoikimbia hapa kwetu. Na foku ya baiskeli hizi huendi Mwembe Tayari ukaichagua kwenye lundo. Alingoja sana.

Kwa hiyo sisi hatufungi mota bila mikono ya kuishika shafti, pande zote mbili. Ni vipande vya chuma vyenye tundu la umbo la shafti, mkia wake ukafungwa kwenye mguu wa foku au wa fremu. Tunavikata hapa hapa na kuvipiga tupa mpaka viingie kwa kusukumwa. Kikicheza hakifai, twakitupa. Saa nyingi huishia hapo, na mteja aliyekaa kwenye benchi akinywa kahawa huona kama twachezea chuma.

Kazi nyingine ni waya. Seti hizi za mota zimetengenezwa kwa baiskeli ya kawaida, ambayo pedali ziko karibu na kila kitu. Baiskeli ya kulalia ina pedali mbele kabisa, mwisho wa bomba linalovutwa nje na kurudishwa ndani kufuata urefu wa miguu. Kihisi cha pedali, kinachoiambia mota kwamba unapiga pedali, kiko huko, kontrola iko chini ya kiti, na waya uliokuja nao haufiki. Lazima uongezwe, uachiwe nafasi bomba likivutwa, tena usiguse mnyororo, na mnyororo wenyewe ni mrefu karibu mara tatu ya ule uliouzoea.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kisauni, ambaye mgongo haumruhusu tena baiskeli nyingine, alijiungia waya mwenyewe kwa kuzisokota na selotepu. Masika yalipoingia mota ikawa yakwama na kutetemeka, na huko alikopita aliambiwa imekufa anunue nyingine. Tulipotoa ile selotepu, shaba ilikuwa kijani tupu. Huu upepo wetu wa chumvi haumwachi mtu. Tukakata sehemu iliyooza, tukalehemu, tukavisha mpira unaonywea kwa moto, na kabla waya haujaingia kwenye shafti tukaushusha mkunjo ili maji yadondoke chini yasifuate njia ya ndani. Mota ile ile yatembea mpaka leo.

Na msiuziwe mota ya wati 1500. Baiskeli hii iko chini, haishindani sana na upepo. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliendesha ya namna hii kilomita 45.055 kwa saa moja, kwa miguu mitupu, na mwaka uliofuata UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, ikazifungia nje ya rekodi na mashindano yake. Kwa barabara tambarare za Nyali na Bamburi, wati 250 hadi 500 zatosha, hata kusi likivuma usoni. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10, ukisaidia kwa pedali, yaweza kukufikisha kilomita 25 hadi 35. Kwa baiskeli ya kulalia ya matairi matatu, mawili mbele, mota huenda nyuma, msitubishie hapo.

Tunachokataa kabisa ni betri za seli zilizookotwa kwenye laptopu mbovu. Tumeambiwa twaringa, sawa, turinge.

Ukija, njoo na baiskeli yenyewe, si picha, na uje na chaja uliyopewa pamoja na betri. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 kwa mfululizo hujaa kwa volti 54.6. Chaja za betri za asidi nazo zimeandikwa 48, bei yake nafuu, na hupanda kufika 58 hivi. Ukituletea hiyo tutakurudishia mkononi, na betri hatuichaji mpaka uje na ya haki.