Barua kwa mwanangu Somoe: gari ya babu yako imewaka

Mwanangu Somoe,

Marahaba, maana najua hapo ulipo ushaanza na shikamoo baba. Sisi huku Mikindani wazima, mama yako mzima, ila kuku wake wamenuna kwa sababu nimewafukuza kwenye nyumba yao, na hiyo nyumba ndo sababu ya barua hii. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, macho yenyewe unayajua, kwa hiyo ukikuta herufi zimepishana vumilia, na usinipigie katikati, soma mpaka mwisho kwanza ndo upige.

Gari ya babu yako imewaka. Land Rover ile ile ya chini ya mwembe. Imewaka Jumamosi, jua linazama, watoto wa mtaa mzima wamejaa uani kama kuna ngoma. Na usidhani imewaka kama hizi gari zenu za kubonyeza kitufe, ilikohoa ikazima, ikakohoa tena ikazima, halafu ya tatu ikatema udongo wa nyigu waliojenga kwenye egzosi, pwaa, moshi ukaenda mpaka kwa jirani aliyeanika dagaa, akaja juu, akakuta watu wanashangilia akasahau alichokuja kugombea na yeye akaanza kupiga makofi. Mama yako alilia. Atakwambia ni moshi.

Nianze ilivyoanza. Mnada wa korosho wa Novemba ulipotoka, hela ikaingia, mama yako anataka bati na mimi nataka gari, tukavutana wiki nzima tukaishia nusu bati nusu gari, ndo maana ukija utakuta jiko limeezekwa upande mmoja. Nikamtafuta fundi Bakari, unamkumbuka? Yule mrefu aliyekuwa anakuja kwa babu yako na baiskeli, siku hizi mzee, mgongo umepinda lakini mikono bado. Alipofika akaizunguka gari mara mbili hasemi kitu, akagonga bodi na kidole, akalala chini akagonga chesesi na bisibisi, bisibisi ikazama. Akatoka kule chini akasema bodi imepona, mifupa ndo imeliwa.

Hilo nikueleze maana hata mimi nilikuwa sijui. Hizi Land Rover za zamani bodi yake ni aluminiamu, Waingereza walipoanza kuzitengeneza 1948 vita ndo imeisha juzi na chuma kwao kilikuwa cha kugawana, aluminiamu ipo, basi wakaitumia. Hii ya kwetu ni Series IIA, zile zilizotoka kati ya 1961 na 1971, imetengenezwa Solihull huko Uingereza. Aluminiamu haipati kutu, lakini chesesi ni chuma, na upepo wetu wa bahari una chumvi, sasa pale chuma na aluminiamu vinapogusana ikiingia chumvi na unyevu aluminiamu inalika inakuwa unga mweupe, nimeukwangua kwenye kona za milango mpaka nikajaza kiganja, unaona kama unga wa muhogo. Chesesi tumekata mikono miwili ya nyuma tukachomelea mipya, hapo ndo hela ya bati ilipoishia, tusiongee sana.

Injini ilikuwa imejam. Ni ya petroli, silinda 4, ujazo cc 2,286, na haikuzunguka hata robo. Bakari hakuilazimisha, akafungua plagi zote nne akamimina dizeli amechanganya na oili ya giaboksi, akaniambia tuiache wiki. Wiki ikapita bado. Akamimina tena. Mi nishaanza kukata tamaa, siku ya kumi na mbili asubuhi nikachomeka hendeli, ile ya kuzungushia injini kwa mkono, pale mbele nikasukuma kidogo tu kama utani, nikasikia krrr, imesogea. Nilikaa chini mchangani mwanangu, nilikuwa peke yangu.

Wakati tunasubiri tukafanya mengine. Tanki lipo chini ya siti kama unakumbuka, petroli ya zamani ilikuwa imegeuka kitu kama lami inanuka kama rangi iliyooza, tukalitoa tukalisafisha na mchanga na nati za zamani, unatikisa kama kayamba. Kabureta ikachemshwa. Kwenye kisafisha hewa panya walishazaa na wajukuu. Pampu ya mafuta, ile yenye kikombe cha kioo na kiwenzo cha kupampia kwa mkono uliyokuwa unaipenda kuchezea, ilikuwa nzima isipokuwa mpira wa ndani. Breki bado kabisa, silinda za magurudumu zote zimeganda, hilo tunalifanya mwezi ujao. Hivi unajua yale mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua mikono ya akina mama wanaobangua, wenzetu viwandani wanayatumia kwenye lining za breki? Yanavumilia joto la msuguano. Sisi tunauza korosho ghafi halafu tunanunua lining. Basi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Umeme wa hizi gari ni rahisi, hakuna kompyuta. Betri inapeleka kwenye koili, koili inaupandisha moto unakuwa mkali, unashuka kwenye distributa, ndani ya distributa kuna kitu kidogo kinaitwa rota, kama kidole gumba hivi, plastiki yenye kipande cha shaba juu, inazunguka inagawa moto kwa plagi moja moja kwa zamu, 1, 3, 4, 2. Ukiitoa hiyo rota kila kitu kipo, taa zinawaka, injini inazunguka, petroli inafika, lakini gari haiwaki hata upige hendeli mpaka kesho. Watu zamani walikuwa wanaitoa wanaitia mfukoni usiku gari isiibwe.

Tukanunua rota mpya, imetoka Dar na basi, duka silitaji. Tukaseti pointi, vile vipande viwili ndani ya distributa vinavyofunga na kufungua umeme wa koili, uwazi milimita 0.4, mama yako ndo alinisomea namba kwenye kile kibati cha kupimia. Tukapiga hendeli. Kimya. Siku tatu kimya. Tumebadili koili, tumebadili kondensa, tumebadili waya za plagi, moto unatoka kwenye koili mzuri wa bluu, kwenye plagi haufiki. Siku ya tatu Bakari akafungua kifuniko cha distributa, akaushika waya wa koili kwa koleo akausogeza karibu na ile shaba ya juu ya rota, akaniambia fungua pointi na bisibisi. Nikafungua, cheche ikaruka tiii ikaingia kwenye rota. Akasema umeona, haitakiwi kuruka hapo, rota inavuja, moto unapenya plastiki unakwenda kwenye shafti unapotelea kwenye injini. Mpya kabisa, lakini mbovu. Akasema zile za zamani hazikuwa hivi, laiti tungekuwa na ile ya gari yenyewe.

Nikamwambia ngoja. Nikaingia ndani nikapanda kiti nikashusha kopo la Africafe lililokuwa juu ya kabati, nikatoka nalo, nikamimina mkononi. Rota imo humo tangu 2006.

Somoe, gari ya babu yako haikufa. Mimi ndo niliizima.

Ulikuwa na miaka minane. Kila Jumamosi babu anakupakia mnakwenda naye Mtwara mjini sokoni mnarudi, na mimi nafurahi, mtoto yuko na babu yake. Siku moja mmerudi uko juu, unaringa, ukaniambia baba mi ndo namwonesha babu njia. Nikakuuliza unamwonesha vipi, ukasema ananiuliza mama, mbele kuna nini, namwambia kuna baiskeli, kuna mbuzi, kuna mama kabeba ndoo, basi anapita. Ukacheka. Mimi nilihisi tumbo linakata. Kumbe mzee haoni, kumbe kilomita kumi za kwenda na kumi za kurudi anaendeshea macho ya mtoto wangu.

Ningemwambia. Najua utasema baba si ungemwambia tu. Wewe babu yako ulimjua akiwa amelainika, hukumjua yule aliyeteremsha korosho za watu kutoka Newala na gari hiyo hiyo tangu 1974, kwenye mchanga, kwenye tope, spea hakuna maana masika ikishika Rufiji hakupitiki, daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 tu, kabla ya hapo tulikuwa kama kisiwa, gasketi anakata kwa kisu kwenye boksi. Mtu kama huyo unamwambiaje baba huoni, acha gari. Mimi sikuweza. Usiku nikaenda na tochi, nikafungua klipu mbili za kile kifuniko, nikachomoa rota, nikafunga. Dakika moja haikufika.

Asubuhi alitoka na kikoi chake, akapampu mafuta, akavuta choki, akashika hendeli, kidole gumba upande mmoja na vingine kama alivyonifundisha na mimi, maana injini ikirudisha nyuma inakivunja. Akapiga. Akapiga tena. Jasho linamtoka. Na mimi nimesimama barazani na kikombe cha chai naangalia. Mwanangu chai ile mpaka leo naisikia mdomoni. Alipochoka nikamwambia injini imezeeka mzee, akasema labda.

Akamwita Bakari. Bakari akaja akafungua boneti wakawa wawili tu, baadaye Bakari akaondoka, babu akasema fundi kasema injini imekufa. Na mimi nikashukuru Mungu kwamba fundi hakujua kazi! Miaka yote hii nilimwona Bakari fundi wa kubahatisha.

Sasa Jumamosi namwonesha ile rota kiganjani, naogopa hata kumwangalia, yeye akaichukua akaipangusa na shati akasema nilijua tu iko nyumbani. Nikamuuliza ulijuaje. Akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Siku ile nilifungua nikakuta rota haipo. Nikamwambia mzee, gari nzima hii, kuna mtu katoa rota, mimi ninayo nyingine gereji, nakwenda na baiskeli nakuletea sasa hivi. Akanyamaza. Akaniuliza kijana wangu yuko barazani? Nikamwambia yuko. Akasema funga boneti fundi, tuseme imekufa. Akanilipa ya siku nzima."

Akaichomeka akafunga klipu, mimi nikashika hendeli, na iliyobaki nimeshakwambia.

Ninachokiwaza tangu Jumamosi ni zile jioni. Kumbuka baada ya hapo babu aliendelea kwenda kukaa kwenye ile gari, kila baada ya alasiri, miaka mitatu mpaka 2009 Mungu alipomchukua, na wewe siti ya pembeni, mnaendesha gari iliyosimama. Nawasikia dirishani. Mama, mbele kuna nini? Kuna bahari babu. Haya shika vizuri tunaingia. Mimi nilikuwa nasikia nasema masikini mzee kadanganyika, kumbe aliyekuwa anadanganywa ni mimi. Na sasa nikuulize na wewe, babu aliwahi kukwambia kitu? Maana ulikuwa mtoto msiri. Kama alikwambia niambie, hata kama ni neno la kuniuma.

Imamu nimemuuliza kijuu juu bila kutaja majina, amesema nimtolee sadaka na nimuombee. Nitafanya hitma ukija, tusubiri uwepo.

Desemba ukipata likizo njoo, panda basi la alfajiri usilale njiani. Niletee feni belti, namba nitakutumia, na ulizia wipa. Breki zikiwa tayari tutaipeleka mpaka sokoni Mtwara na kurudi, wewe utaendesha. Mimi najaribu jaribu hapa uani mbele na nyuma, mama yako anasimama mlangoni anapiga kelele kila nikikaribia banda la kuku.

Hospitali nilikwenda, wamesema mtoto wa jicho, la kulia limeanza kukomaa, watalifanyia kazi wakati ukifika. Nasoma vizuri tu mchana. Rota nimeiacha kwenye gari. Kopo nimelirudisha juu ya kabati, tupu, mama yako anajua lilipo na wewe sasa unajua.

Baba yako