Barua kwa mwanangu anayehakiki gemu

Mwanangu mpendwa,

Nimezisoma hakiki zako za gemu za visa na mafumbo, na nimefurahi kuona unaandika kwa ufupi. Kinachonisumbua ni kwamba nikimaliza kusoma nakuwa nimejua picha zinapendeza, muziki unavutia, hadithi imerefushwa mno, basi, umeshatoa alama. Sijui ulikuwa unafanya nini humo ndani. Hata mtu aliyetazama tangazo tu angeweza kuandika hayo.

Gemu za aina hii uhai wake ni mafumbo. Chagua fumbo moja, lieleze, kisha sema kama lilikutendea haki. Kwangu mimi fumbo la haki ni lile ambalo ukishapata jibu, hata kama umeambiwa na mwenzako, unakubali kuwa dalili zilikuwepo mbele ya macho yako.

Chukua Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999. Shujaa wake, Gabriel, anataka kukodi pikipiki kwa jina la rafiki yake Mosely, kwa hiyo inabidi ajigeuze. Anabandika utepe wa gundi kwenye tundu la mlango, anamkurupusha paka apite hapo, manyoya yananasa, halafu anayagandisha juu ya mdomo kwa sharubati nzito ili yawe masharubu. Kumbe Mosely mwenyewe hana masharubu! Gabriel analazimika kuyachora kwenye picha ya pasipoti. Hakuna dalili yoyote inayomwongoza mchezaji huko. Anabaki kujaribu kila kitu juu ya kila kitu mpaka kimoja kikubali. Hapo uwe mkali. Lakini usiihukumu gemu nzima kwa paka huyo, maana ndani yake kuna Le Serpent Rouge, mlolongo wa mafumbo ya ramani na maumbo ambao wapenzi wa gemu hizi wanausifu hadi leo, na wana sababu.

Sasa linganisha na The Secret of Monkey Island ya 1990. Shujaa wake, Guybrush, anapigana kwa upanga, ila mshindi anapatikana kwa maneno: mmoja anatukana, mwingine anajibu. Unazunguka barabarani ukipambana na maharamia, na kila ukishindwa unaondoka na tusi au jibu jipya. Kisha unamkabili Carla, bingwa wa upanga, naye anakuja na matusi ambayo hujawahi kuyasikia. Majibu unayo tayari. Yale yale uliyookota kwa maharamia, ila sasa lazima uyasikilize upya ujue lipi linajibu tusi lipi. Nalipenda sana fumbo hilo. Limekufundisha kwanza, ndipo likakupima.

Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, ya 2018, inahitaji sentensi chache tu. Wewe ni mkaguzi wa bima kwenye merikebu iliyorudi bila mtu hai, na unatakiwa kutaja majina ya watu 60 na yaliyowapata. Gemu haithibitishi jibu moja moja. Inasubiri upatie matatu. Kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali, inabidi utazame viatu, lafudhi, nani analala kitanda kipi. Ukiandika hayo tu, msomaji ameshajua kama anaitaka.

Usiogope kwamba kueleza fumbo ni kumharibia msomaji. Chukua la mwanzoni, au eleza linavyofanya kazi bila kutoa jibu.

Ila kuhusu Outer Wilds, ile gemu ya kuzuru sayari kwa chombo cha anga, sikubaliani nawe. Umeandika kwamba inachosha kwa sababu kila baada ya dakika 22 jua linalipuka na unaanza upya. Lakini huanzi mtupu, mwanangu. Kumbukumbu za chombo chako zinabaki, na mlango uliokushinda mara ya kwanza unaufungua kwa sababu sasa unajua jambo ambalo hukulijua. Hakuna silaha mpya wala nguvu mpya. Uhakiki wako haukuligusa hilo hata kidogo, na ndilo gemu yenyewe. Irudie, tafadhali, kisha uniandikie tena. Ukiona bado inachosha, andika hivyo hivyo, ila nitajie ulikuwa sayari gani na ulikwama wapi.

Mimi mama yako.