Chipu za RFID sio zote sawa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Bosi wetu kanunua chipu za RFID (vitambulisho vya kubandika vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio) aina ya UHF kwa ajili ya stoo ya maji ya chupa, sasa rida (mashine ya kuzisoma) inakaa kimya tu na lawama kwetu! Hizo za UHF, masafa ya megahezi 900 hivi, zinasomeka mita kadhaa, katoni nyingi kwa mpigo, ila maji na chuma ndo adui zao. Chipu ya hereni ya ng'ombe ni kilohezi 134.2, haisumbuliwi sana na maji wala nyama, lakini lazima umsogelee mnyama kabisa (na awe mpole). Kadi za kugusisha ni megahezi 13.56, sentimita chache. Zote hizo tatu kwa kawaida hazina betri, zinapata nguvu kwa rida, zenye betri zinafika hata mita 100 ila bei yake sasa. Jamani muulizeni fundi kabla hamjalipia.

Mtunza stoo, Dar es Salaam