Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: Si kila jicho linalofifia ni uzee

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kutoka Wete, Pemba.

Mama yangu anashona kofia za viua. Kofia moja humchukua miezi, kitundu baada ya kitundu, kila kimoja akikizungushia uzi mpaka ua likamilike. Alipokaribia miaka 50 akaanza kuniita nimtungie uzi. Halafu akawa anahamia mlangoni kwenye mwanga, kofia ameishika mbali kwa mkono ulionyooka, uso ameukunja. Mwisho akaitia kikapuni, ikalala humo miaka mitatu. Majirani walisema ni uzee, naye akakubali.

Kumbe lenzi ya jicho, kuanzia miaka 40 hivi, hukakamaa na kushindwa kutazama cha karibu. Hilo litampata kila mmoja wetu, na miwani ya kusomea inatosha. Jamaa yetu alimletea kutoka Unguja. Mama aliivaa, hakusema neno, akaitafuta sindano na kuitunga mwenyewe.

Miaka mitatu ya kazi, Mheshimiwa, ilipotea kwa kukosa kitu chepesi kama kile. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani ya karibu, tija yao ilipanda kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa. Niliposoma hayo niliwakumbuka wanawake wetu msimu wa karafuu, wamekaa barazani wanatenga karafuu na makonyo kwa kupapasa.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni ami yangu. Alianza kwa kugonga bega kwenye miimo ya milango. Watoto wakimpita ubavuni hawaoni, ila wa mbele anamjua vizuri. Alikwenda kutazamwa, akaambiwa ana mtoto wa jicho, arudi nyumbani asubiri mpaka likomae. Akasubiri. Alipokuja kupimwa na mtaalamu wa macho, ilikuwa ni presha ya macho, na jicho la kulia lilikwisha kufa.

Magonjwa haya mawili watu wengi huyachanganya, na tofauti yake ni kubwa mno. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi. Hutolewa kwa upasuaji mfupi, ikawekwa lenzi ya plastiki, na mgonjwa akaona tena. Wala siku hizi hakuna haja ya kusubiri likomae. Lenzi hiyo ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, aliyegundua kuwa vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa vita havikuwadhuru. Presha ya macho haina huruma hiyo. Mara nyingi haiumi, huanza kula pembeni, huharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichopotea hakirudi. Matone ya kila siku huokoa kilichobaki tu. Ndiyo maana kumwambia mtu asubiri, bila kumpima, ni kumpofua.

Ninachoomba ni hiki. Kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kiwe na mhudumu mmoja aliyefunzwa macho, mwenye ubao wa herufi, tochi na sanduku la miwani ya kusomea. Anayehitaji miwani aondoke nayo siku ile ile. Mwenye ukungu apangiwe upasuaji kwa tarehe, asiambiwe tu kwamba ataitwa. Wenye kisukari, na ndugu wa damu wa kila mwenye presha ya macho, wapelekwe kupimwa hata kama hawalalamiki. Mimi na ndugu zangu hatujaitwa na mtu, tumekwenda wenyewe kwa sababu ya ami. Na skuli zisisahauliwe: Kitale, Kenya, walimu wamewapima wanafunzi macho kwa programu ya simu iitwayo Peek, na simu walimu wetu wanazo.

Ami sasa anatia matone kila usiku katika jicho la kushoto. Mama ndiye anayemtilia, kwa miwani yake. Chupa ikikaribia kwisha tunaanza kuulizana nani anavuka kwenda Unguja wiki hii. Tunaomba chupa hiyo ipatikane hapa Wete.

Wako,
Mtoto wa mshona kofia
Wete, Pemba