Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa rampu mbili

Ndugu wanachama, mugonile, poleni na mvua.

Najua wengi mnataka kujua hela imeenda wapi. Mtunza hazina ana karatasi yake mtaiona mkutanoni na imekaguliwa, mi nitaongea yale ambayo hayamo kwenye ile karatasi. Mwaka mzima tumefanya kazi moja kubwa, tena tumeifanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulichemka, na aliyechemka wa kwanza ni mimi kwa hiyo naanzia hapo kabla hamjanianzishia nyie.

Mnakumbuka mkutano uliopita tulikubaliana kwamba nyumba yetu hii ya zamani ya wamisheni hapa Tukuyu, tunayotembezea wageni, ina ngazi 5 za mawe pale mbele na mtu wa kiti mwendo akija anaishia uani anaangalia madirisha wakati wenzake wako ndani wanacheka. Mkapitisha rampu, ile njia ya mtelemko ya kupandia kiti mwendo badala ya ngazi, mkaniachia mimi na fundi. Nikamwambia fundi weka rampu, fundi akaweka rampu, siku 2 imeisha, tukapiga picha na mimi nimekunja mikono kama waziri. Tuliiweka nyuma, mlango wa jikoni, maana kule kimo ni kidogo, sm 60 tu, na mbele tuliogopa kuharibu sura ya nyumba.

Jumamosi iliyofuata akaja mzee wetu mmoja, mwanachama mwenzenu, yule wa baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono. Akaiangalia ile rampu muda mrefu, hata kujaribu hakujaribu. Akasema, "Mwenyekiti, hii umejengea mbuzi." Vijana wanne wakajitolea wambebe juu juu na baiskeli yake, akakataa, kinachobebwa ni gunia la viazi. Alafu akamalizia, "Na huu mlango wa jikoni. Mi nimekuja kutembea, sijaja kupika." Watu walicheka, na mi nilicheka, ila usiku sikulala vizuri. Kwetu huku mgeni anaingilia mlango wa mbele, hilo mtoto wa darasa la kwanza analijua, sasa mimi mtu mzima nimemjengea mgeni njia ya kupita kwenye masufuria.

Basi tukafanya kilichotakiwa kufanyika mwanzo. Tukaita watu watano wanaoijua hali ya ulemavu wenyewe: huyo mzee, dada mmoja asiyeona, kijana kiziwi anayechomelea mageti pale mjini alikuja na dada yake wa kutafsiri, mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, na kijana mwenye ualbino. Wakazunguka nyumba nzima siku moja na sisi kamati tukashika daftari tukanyamaza. Kunyamaza kwa mwalimu mstaafu sio kazi rahisi, waulizeni waliokuwepo.

Tukaanza na hesabu ya rampu. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yaani kila sm 1 ya kupanda unahitaji sm 12 za kwenda mbele. Ile yangu ya jikoni ilipanda sm 60 ndani ya mita 2, inatakiwa mita 7 na zaidi, kwa hiyo mzee hakutania, ni ya mbuzi kweli. Mbele ngazi zinapanda sm 85, ukipiga mara 12 unapata mita 10.2, na uwanja wetu wa mbele hauna mita 10 zilizonyooka maana kuna ule mparachichi na hakuna mtu wa kuukata nikiwa hai. Fundi mwingine (yule wa kwanza hakufukuzwa, alikuwa na kazi Kyela) akaikunja: inapanda nusu sambamba na ukuta wa baraza, inafika kwenye sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ambapo kiti kinaweza kugeuka na mtu akapumzisha mikono, alafu inarudi nusu ya pili mpaka barazani. Inaingilia ubavuni mwa baraza na kutokea kwenye mlango uleule wa mbele ambao kila mtu anaingilia. Bomba za kushikilia ziko pande zote mbili, amezichomelea yule kijana kiziwi na amelipwa kama fundi mwingine yeyote, na chini kuna ukingo wa zege ili tairi lisichomoke pembeni.

Sasa suala la utelezi. Huku Tukuyu sio Dodoma, mvua ikianza kitu chochote cha simenti kinaota kijani ndani ya wiki mbili. Fundi alitaka kupiga niru, lile zege la kulainishwa mpaka linang'aa, dada asiyeona akasema hapana mtaniua. Kwa hiyo zege likiwa bado bichi tukapitisha ufagio wa chelewa kwa kukatisha, mfagio baada ya mfagio, limebaki na michirizi kama ngozi ya zamani. Ukipita pekupeku unaisikia. Hiyo michirizi ndo inashika tairi na fimbo, na hela yake ni bei ya ufagio mmoja.

Kuna wanachama walisema tunaharibu historia. Nawajibu kwa heshima. Hizi kuta ni matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo na chokaa, na simenti ikigandishwa kwenye ukuta wa namna hiyo inafungia unyevu ndani na tofali linaanza kumeguka kama keki, ndo maana rampu haijagusa ukuta hata kidogo. Kuna nafasi ya sm 5 katikati, imesimama kwa miguu yake yenyewe, na ngazi za mawe ziko vilevile. Kipande cha uzio wa mbao tulichokitoa ubavuni mwa baraza kipo stoo, kila mbao ina namba ya chaki, mjukuu wenu akitaka kukirudisha mwaka 2090 atakirudisha. Na tuliuliza wataalamu wa mambo ya kale kwanza, ingawa sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na mwaka huo huku kwetu wamisheni walikuwa hawajanusa, Wamoravian wenyewe Rungwe wamefika 1891. Nyumba za umri huu haziingii kwenye ulinzi mpaka zitangazwe. Tuliuliza tu kwa sababu kuuliza ni adabu.

Mlango wa mbele tumeukuta una sm 78, kiti mwendo cha kawaida kinapita, baiskeli ya matairi matatu haipiti hata ukiibembeleza. Kupanua mlango wa mbao ya zamani vile sikutaka na watano wale pia hawakutaka. Kwa hiyo kuna kiti mwendo cha nyumba kinakaa barazani, mgeni anahamia pale mwenyewe, baiskeli yake inabaki chini ya bati na kufuli, funguo anakaa nayo yeye. Kizingiti cha sm 4 tumekiwekea kipande cha mbao cha mtelemko kila upande. Mzee alipita hapo siku ya kufungua, akaingia mpaka sebuleni, akaangalia dari akasema mbona mna popo. Ni kweli tuna popo, hilo la mwaka ujao.

Nikiambiwa nichague siku moja ya mwaka huu nachagua ile ya yule dada asiyeona. Nyumba yetu ilikuwa na vibao vya USIGUSE kila kona, mpaka kwenye vitu ambavyo vimeguswa na wapishi miaka hamsini. Tukaamua aguse: mashine ya kukobolea kahawa, komeo la mlango, kinu, meza. Sasa alipokuwa anatembeza mkono ukutani kule korido ya nyuma ambako plasta imebanduka, akasimama. Akarudisha vidole. Akasema hapa kuna mkono wa mtu. Tukaenda na tochi, kwenye tofali moja usawa wa kiuno kuna vidole vinne vimezama, vidogo, vya mtoto au vya mwanamke, aliyelibeba tofali likiwa bado bichi kabla halijaenda tanuruni. Mimi nimekuwa kwenye nyumba hii miaka 19, nimewapitisha hapo wageni mpaka wa Ulaya, nikiwaeleza mmisheni alijenga, mmisheni alijenga. Vibao vya USIGUSE vimebaki vitatu tu, kwenye karatasi na nguo za zamani ambazo kweli jasho la mkono linaziharibu.

Kwa upande wa viziwi, katibu na kijana wetu wa kutembeza wageni walienda Iringa kuangalia pale Neema Crafts, wale walioanza 2003, ambako mgahawani unahudumiwa na viziwi na unaagiza kwa kuandika au kwa alama. Kijana amerudi anajua salamu, namba na maneno ya nyumba kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, sio mkalimani na asijifanye mkalimani. Kitu kidogo alichofundishwa kikanishangaza: alikuwa anasimama na mgongo dirishani, mgeni anaona kivuli tu, midomo haioni wala mikono. Sasa anasimama upande wa mwanga unapomwangukia usoni.

Kwa ushauri wa kijana mwenye ualbino maelezo ya mwanzo yamehamia barazani badala ya uani kwenye jua, na vibao vimeandikwa herufi kubwa nyeusi kwenye nyeupe isiyong'aa.

Juu ghorofani hatujaweza. Ngazi ile ya mbao imesimama kama ya kupandia dari na lifti hata tungekuwa na hela ingebidi tutoboe nyumba katikati. Vitu vya maana vya juu tumevishusha chumba cha chini, kitanda, kinanda kibovu na masanduku, na kuna albamu ya picha za vyumba vya juu na ya kinachoonekana dirishani. Kuna waliosema albamu ni ya kuzugia. Kidogo ni kweli. Ila sitaki kusikia tena habari ya kubeba mtu.

Choo kipya kina mlango wa sm 90 unaofungukia nje, cha kukaa, na bomba la kushika. Msindikizaji wa mtu mwenye ulemavu haingii kwa hela, mjadala huo tuliumaliza na walioshindwa wanajijua. Kwa wanaosema hii ni huruma, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na ule mkataba wa Umoja wa Mataifa nchi yetu iliuridhia 2009, kifungu cha 30 kinataja makumbusho kabisa kwa jina, na maeneo yenye umuhimu wa kitaifa kiutamaduni.

Aibu moja nayo niiseme. Tulilipia vibao vya nukta nundu, maandishi ambayo wasioona wanayasoma kwa vidole, sitataja ofisi iliyotutengenezea. Vikaja vizuri, vimepakwa rangi. Dada akapapasa, akapapasa tena, akauliza nukta ziko wapi. Zilikuwa zimechapwa kwa wino, bapa kama gazeti. Alicheka mpaka akakaa chini. Hela tumeidai, nusu imerudi, nusu bado naifuatilia.

Na ule mtaro wa barabarani unaokata njia kabla hujafika getini haujafunikwa bado, barua tumepeleka mara mbili. Kwa sasa kuna mbao mbili nene na kijana wa kuziweka, mkija na mgeni pigeni simu kabla.

La mwisho ni zamu. Rampu isiposuguliwa Machi mpaka Mei inaota kijani, michirizi au hakuna michirizi. Ratiba imebandikwa mlango wa stoo, kila Jumamosi saa 1 asubuhi, watu watatu, brashi ngumu na maji, sabuni msilete. Jumamosi ya kwanza ni mimi, mtunza hazina na katibu, na mzee amesema atapita saa 3 kukagua.

Ndaga fijo, asanteni sana.