Kutu ya Tangi na Uvujaji wa Oili Vitafutwe Kwenye Chanzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri ambao wenye magari ya zamani hupewa kila wanapolalamikia mambo mawili: kutu ndani ya mfumo wa mafuta na oili inayovuja chini ya injini. Kwa la kwanza huambiwa wabadilishe filta, na kwa la pili huambiwa wamimine dawa ya kuziba au wafunge gasketi mpya (kizibo chembamba cha kati ya vipande viwili vya injini) iliyopakwa silikoni kwa wingi. Mimi ni fundi makanika, na ushauri huo naupinga kwa sababu moja inayoyahusu matatizo yote mawili, nayo ni kwamba uharibifu hauanzii pale unapoonekana. Kutu huonekana kwenye filta ilhali imezaliwa ndani ya tangi. Oili hudondoka chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ilhali mara nyingi imetokea juu kabisa ya injini. Mwenye gari hulipia vipuri mara kwa mara, tatizo hurudi, na hatimaye gari ambalo lingeweza kutumika miaka mingi zaidi huitwa bovu na kuuzwa kwa vipande.

Tangi la chuma huota kutu kutokea ndani kwa sababu ya maji, wala si lazima mtu awe ameyamimina humo. Tangi likikaa na mafuta kidogo, nafasi iliyobaki hujaa hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta zake. Matone huteremka hadi chini, kwa kuwa lita ya maji ina uzito wa kilo moja na lita ya petroli haifiki gramu 800. Pale chini, pasipoonekana na mtu, ndipo chuma kinapoliwa. Petroli iliyochanganywa na ethanoli hubeba maji kiasi, karibu nusu asilimia kwa mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 10, lakini kiwango hicho kikipita, maji na ethanoli hujitenga kwa pamoja na kuzama. Ndiyo maana gari lililoegeshwa muda mrefu likiwa na mafuta robo tangi huharibika tangi haraka kuliko linalotembea kila siku.

Dalili zake zinawachanganya wengi. Gari huwaka vizuri asubuhi, huenda kilomita kadhaa, kisha huishiwa nguvu linapopanda mlima au linapokimbizwa. Likizimwa na kupumzishwa kidogo, huendelea na safari kana kwamba halikuwa na neno. Kinachotokea ni kwamba chembe za kutu huvutwa na kurundikana kwenye chujio lililo mdomoni mwa bomba la kunyonyea, ndani ya tangi, na injini ikizimwa, mvuto hukoma na chembe zikaanguka chini. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hufunguliwa, pampu hubadilishwa, plagi hubadilishwa, na hakuna aliyekwisha kuchungulia tangini.

Kabla ya kununua chochote, toa mafuta kidogo kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, uyatie kwenye chupa safi ya kioo na uyaache yatulie kwa nusu saa. Maji yakiwepo yatakaa chini kama duara linaloteleza chupa inapoinamishwa, na juu yake utaona mpaka ulio wazi kati yake na petroli. Kutu itatanda chini kama vumbi la kahawia. Pitisha sumaku nje ya kioo: chembe nyeusi nzito zitaifuata, ilhali kutu nyekundu huvutwa kwa unyonge sana, hivyo zisipofuata usikate shauri haraka. Chembe nyeusi zinazopondeka kwa kidole na kuacha alama kama ya wino si kutu. Ni bomba la mpira la kupitishia mafuta, linalooza kwa ndani, na hilo nalo lina tiba yake tofauti.

Ikithibitika kwamba tangi lina kutu, hakuna njia ya mkato: lazima lishushwe. Waya hasi wa betri utolewe, mafuta yakingwe kwenye chombo chenye kifuniko, na kazi ifanyike nje mahali penye upepo. Hapa naomba wasomaji wasome kwa makini, kwa maana tangi lililokwisha kumwagwa ni la hatari kuliko lililojaa. Petroli hutoa mvuke wa kuweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Nao hulipuka unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, kiwango ambacho tangi lililobaki na unyevunyevu wa mafuta linaweza kukifikia kwa urahisi. Kulisuuza mara moja kwa maji hakutoshi, kwa sababu petroli hujificha kwenye mishono na chini ya magamba ya kutu, kisha hutoa mvuke upya tangi linapopashwa moto. Wapo mafundi waliopoteza maisha kwa kuchomelea matangi waliyoyaamini kuwa ni matupu. Kazi hiyo ni ya mwenye kipimo cha mvuke na gesi isiyowaka ya kulijaza tangi kabla ya kuligusa kwa moto. Asiye navyo atafute tangi jingine.

Usafishaji wenyewe unahitaji uvumilivu kuliko ujuzi. Geji na bomba la kunyonyea vitolewe kwanza, tangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe, ndipo vipande vya mnyororo vitiwe ndani na tangi litikiswe ili magamba makubwa yabanduke. Kisha lijazwe maji yenye asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa kila lita, na liachwe siku moja au mbili huku likikaguliwa. Wapo wanaotumia asidi kali ya hidrokloriki ili wamalize kwa saa moja, nami siwaungi mkono hata kidogo, kwa sababu asidi hiyo hula chuma kizima sawasawa na inavyokula kutu. Baada ya kumwaga, suuza kwa maji yenye bikaboneti ya soda, kisha kwa spiriti inayobeba maji yaliyosalia, na ukaushe upesi kwa hewa ya vuguvugu. Chuma kilichovuliwa kutu huota nyingine ndani ya saa chache kikiachwa na unyevu. Mwishowe ingiza tochi ndogo gizani na utazame kwa nje. Tangi lililokuwa halivuji linaweza kuonyesha vitundu vingi vya mwanga, kwa sababu ni kutu yenyewe iliyokuwa imeviziba.

Kuna rangi maalumu za kupaka ndani ya tangi, na watu hunitaka ushauri juu yake. Zikipakwa kwenye chuma safi na kikavu hushika vizuri. Zikipakwa juu ya kutu au mafuta hubanduka vipande vipande kama ngozi, na vipande hivyo huziba bomba la kunyonyea vibaya kuliko kutu ilivyoziba. Tangi lenye vitundu vingi, kwa maoni yangu, halistahili rangi wala kiraka.

Mabomba ya chuma yanayotoka kwenye tangi huoza zaidi chini ya klipu zake, mahali tope linaposhikilia unyevu, hivyo klipu zifunguliwe na bomba lisuguliwe hapo kabla ya kusema ni zima. Mabomba ya mpira ya mafuta yabadilishwe kulingana na presha: gari la kabureta huwa na presha isiyofika nusu ya baa (kipimo cha presha), ilhali la injekta, yaani linalopulizia mafuta kwa presha, mara nyingi huwa na baa 3 hivi, na mpira wa kabureta ukifungwa kwenye injekta utapasuka. Mpira wenye chapa ya SAE 30R9 umekusudiwa injekta.

Kuna sehemu moja ambapo matatizo haya mawili hukutana, nayo husahaulika. Magari mengi ya kabureta yana pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Utando wa ndani ya pampu hiyo ukichanika, petroli inaweza kuingia kwenye sampo. Kiwango cha oili hupanda badala ya kushuka, oili hunuka petroli na huwa nyepesi kama maji, na injini iliyokuwa haivuji huanza kulowa kila upande. Atakayebadilisha gasketi bila kunusa fimbo ya kupimia oili ataacha beringi za krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, zikisagika kwa kukosa ulainisho.

Kuhusu uvujaji wa oili wenyewe, kazi ya kwanza ni kuosha injini, huku vifaa vya umeme vikifunikwa. Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Basi inapodondoka, chanzo chake karibu kila mara kiko juu zaidi na mbele zaidi. Injini ikishakauka, nyunyiza poda nyeupe kwenye viungio, endesha safari fupi, halafu mulika kuanzia juu. Mstari wa kwanza mweusi juu ya poda ndio wa kuufuata. Kosa linalowagharimu watu kuliko yote ni kuhukumu kwamba sili (pete ya kuzuia oili isitoke) ya nyuma ya krenkishafti imekufa kwa sababu oili inatoka kwenye maungio ya giaboksi na injini. Giaboksi hushushwa, sili hubadilishwa, na wiki inayofuata oili iko palepale, kwa kuwa ilikuwa ikitoka kwenye kona ya nyuma ya kifuniko cha vali, au kwenye swichi ya presha ya oili, na kuteremka nyuma ya injini.

Kabla ya kufungua sili yoyote, ikaguliwe njia ya injini ya kupumua. Gesi kiasi hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye sampo, na tangu miaka ya 1960 injini nyingi zimekuwa na vali ndogo inayoirudisha gesi hiyo ichomwe. Vali au mpira wake ukizibwa na masizi, presha hupanda na kuisukuma oili nje popote penye udhaifu, hata kwenye sili mpya. Kwa injini nyingi za petroli, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu na uweke karatasi juu ya tundu: ikivutwa kidogo, njia iko wazi, ikirushwa, ama njia imeziba ama ringi za pistoni zimechoka, na gasketi haitaponya lolote kati ya hayo.

Kifuniko cha bati kinachovuja kisiongezewe kukazwa. Bolti zake ndogo mara nyingi hazihitaji zaidi ya newtoni mita 10, na zikizidishwa bati hubonyea kuzunguka matundu na kuacha mwanya katikati. Litandazwe kwanza kwa nyundo juu ya kipande cha mbao. Silikoni nayo ni ya kupaka kidogo penye kona, kwa sababu inayofinywa ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Dawa za kumimina hulainisha sili za mpira zilizokakamaa kwa muda, lakini hazina msaada kwa gasketi ya karatasi wala kwa shafti iliyochimbika mfereji.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila tone lazima litibiwe leo. Sili ya nyuma ikitoa tone moja au mawili usiku kucha, na oili ikipimwa kila wiki, inaweza kungoja hadi klachi itakapohitaji kubadilishwa, maana giaboksi itashushwa hata hivyo. Oili inayogusa ekzosi au klachi haiwezi kungoja. Na gari linalonuka petroli lisiwashwe hata mara moja, hata kwa ajili ya kulisogeza kivulini. Lisukumwe kwa mikono mahali pa wazi, betri ifunguliwe, na mafuta yafuatwe kutoka tangini kwenda mbele hadi palipolowa papatikane.

Wako msomaji,
Fundi makanika